Mrejesho: programu nafuu ya kufuatilia mauzo ya mawakala

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza nitumie programu gani nafuu kujua wakala yupi kaleta mteja yupi, kwa biashara changa ya vipodozi mtandaoni. Nimefuata ushauri wa kuachana kwanza na programu za kulipia kwa dola kila mwezi, nikampa kila wakala kuponi yake (msimbo ambao mteja anauandika wakati wa kulipa) ndani ya WooCommerce, programu ya duka la mtandaoni ninayotumia kwenye tovuti yangu. Haina gharama ya ziada, na mteja akibofya kwenye simu akanunulia kwenye kompyuta, wakala bado anahesabiwa mradi kuponi yake imeandikwa. Kiungo chenye kuki (kumbukumbu ndogo inayobaki kwenye kifaa kilichobofya tu) kwa kawaida kingempoteza hapo. Hili limenifurahisha mno.

Kilichogoma ni oda za WhatsApp. Hazipiti kwenye tovuti, kwa hiyo tunaziingiza kwa mkono pamoja na kuponi. Kamisheni nazo natuma kwa M-Pesa, mmoja mmoja. Mbarikiwe.