Rikwama la kuni linanilemea mlimani na gurudumu linalia, nianzie wapi?

bonde_la_pemba
Asalam alaykum jamani. Nna rikwama (mkokoteni) la bomba, magurudumu mawili yale ya wilbaro, chini mbao, nalitolea kuni shamba kuleta nyumbani. Pemba mnaijua wenyewe, shamba liko bondeni nyumba iko juu na njia ni dongo jekundu, ikinyesha ndo basi tena. Nabeba matawi makavu ya mwembe, makumbi na makarara ya mnazi, na mkarafuu mmoja uloanguka kwa upepo. Sasa nikipanda mikono inataka kung'oka, gurudumu la kushoto linalia na lishaanza kuyumba, halafu tairi halikai upepo. Yupo alonambia nitoe tyubu nijaze matambara nisahau pancha. Ninunue magurudumu mapya au? Pesa yenyewe ya kubana na ukweni kuna shughuli, kuni natazamwa mie.

fundi_wa_kuchomea
Waalaykum salam. Yakhe usinunue kitu bado. Nyanyua upande huo utie gogo chini, shika gurudumu juu na chini ulitikise, likicheza ni beringi au tundu ya ekseli ishaliwa. Kisha lizungushe taratibu, ukisikia kama mchanga unasagwa hiyo beringi ishakufa, usiipake grisi ukadhani itapona. Itoe uisome namba ubavuni mwake uende nayo dukani. Ekseli ikiwa ya milimita 20 mara nyingi utakuta 6204, haina tabu kupatikana. Chukua ilozibwa kwa mpira pande zote mbili, ya wazi kwa dongo letu haikai. Na kuitia gonga ule mduara wa nje unaokaa kwenye habu (kile kitovu cha gurudumu), ukigonga wa ndani umeiua kabla haijatembea.

mama_makumbi
Mwanangu hiyo mikono inauma kwa upakiaji. Magogo mazito yaweke juu ya ekseli hasa, makarara na vijiti ndo vikae mbele na nyuma, ufunge kamba. Kabla hujaondoka nyanyua mikono ya rikwama mpaka kiunoni usikilize, unataka uzito kidogo tu. Ukilemewa rudisha mzigo nyuma, na ikiwa mikono inataka kuruka juu yenyewe basi umezidisha nyuma, ukifika mlimani litakubinua. Wanaume wengi mnapakia kwa kutupa tu kisha mnalaumu gurudumu. Halafu kuni mbichi usizitoe shamba, zikate huko huko uzipange juu ya vigogo viwili zisiguse chini, zikauke. Ukibeba mbichi unapandisha maji mlimani.

kusini_unguja
Matambara usithubutu! Yakiingia maji hayakauki, rimu inaoza kwa ndani na tairi linakuwa zito kama jiwe. Sie Makunduchi njia zetu mawe matupu na rikwama hilo hilo ndo la mwani, na tunatumia tyubu vile vile. Tazama ubavuni mwa tairi, likiandikwa 4.00-8 ni saizi moja na tairi la bajaji, basi tafuta hata lilotumika ambalo kashata zake, yale meno ya juu, bado zipo. Kabla ya kuvisha piga rimu msasa, mara nyingi ile kutu ndo inayotoboa tyubu wewe ukasema miba, kisha kata tyubu kuukuu ya baiskeli uizungushe kwenye rimu iwe kama kitanda.
Na wale wa pwani wenzangu, mkishatoa mwani limwagieni maji ya kisima, chumvi haina huruma na beringi.

fundi_wa_kuchomea
Tyubu sawa, lakini kama njia ina miba ya mndimu yapo na matairi ya mpira mtupu yasotiwa upepo. Mie siyapendi sana, mtikiso wote unakwenda kwenye beringi na maungio, nshaunga mengi yalokatika kwa hivyo.

bonde_la_pemba
Nimetikisa, linacheza kweli, na namba ni hiyo hiyo 6204. Bi mkubwa swali jengine, kabla ya kupanda kwetu kuna mteremko mkali, hapo rikwama linanisukuma mgongoni mpaka naogopa.

mama_makumbi
Hapo usitangulie mbele. Ligeuze lishuke mwanzo, wewe ubaki upande wa juu unalizuia, na mtoto mwenye nguvu ashike kamba. Ukiwa peke yako funga gogo kwa nyuma liburute chini, utaona linavyotulia. Na huo mkarafuu, hata kama umeanguka wenyewe pita kwa sheha, kiongozi wa shehia yenu, kwanza kabla hujaupiga shoka, usije ukasimamishwa njiani na mzigo wako.

kusini_unguja
Naongezea, hizo mbao za chini zipake oili chafu kwa ajili ya mchwa, ila isifike kwenye tairi, mpira unaharibika. Ukimaliza kazi lisimamishe kwa kuliegemeza ukutani maji yachuruzike, usiliache limelala chini ya mwembe.