Harrier yenye JBL ya kiwandani: nitoe redio niweke Android na sabufa, au niache?

Ngosha_Mpole (mleta uzi)
Wakuu, habari za jioni. Niko Mwanza. Nina Toyota Harrier ya 2014, ile yenye mfumo wa mziki wa JBL wa kiwandani, spika 11. Sauti ni safi sana ila mdundo hakuna. Wiki iliyopita nilikuwa kwenye kivuko pale Kigongo, jirani yangu ana Mark X, kafungulia sabufa mpaka vioo vya gari langu vikawa vinatetemeka. Niliumia. Sasa kuna fundi Mabatini ananishauri nitoe redio, niweke Android ya inchi 10, sabufa la inchi 12 na amplifaya la wati 5000. Anasema JBL ya kiwandani ni nembo tu. Usingizi sipati. Naombeni ushauri, wa haraka lakini, kuna harusi Jumamosi.

Mkwaju
Usingizi hupati kwa sababu ya besi? Watu mna maisha mazuri.

Fundi_Omu
Redio usitoe. Kwenye gari hizo redio haisukumi spika yenyewe. Inapeleka sauti kwenye amplifaya ya JBL iliyofichwa ndani, na hiyo ndiyo inayogawia kila spika fungu lake. Ukichomeka Android bila adapta inayoendana nayo, JBL inanyamaza, vitufe vya usukani vinakufa, pengine na kamera ya nyuma. Hapo fundi atasema "tupitishe waya upya", ujue umeshaliwa.

Na spika usikimbilie kubadilisha. Mifumo ya namna hii mara nyingi hutumia spika za omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) ndogo, 2 hivi. Ukiweka za dukani za omu 4, amplifaya ileile inatoa kama nusu ya nguvu. Yaani unalipa hela ili mziki upungue.

Unataka mdundo, ongeza mdundo peke yake. Chukua sauti kwenye waya wa spika kubwa za milangoni, baada ya JBL, ipite kwenye kale kaboksi ka kushusha nguvu ya sauti, ndiyo iingie kwenye amplifaya la sabufa. Usiibe kwenye twita, zile spika ndogo za sauti nyembamba za dashibodi, kule besi imeshakatwa. Waya wa betri uwe shaba tupu, siyo aluminiamu iliyofunikwa shaba kwa juu, na fyuzi ikae jirani na betri. Ikikaa kwenye buti, waya ukichunika katikati hakuna kitakachouzuia kuwaka.

Hizo wati 5000 angalia fyuzi zake. Kama ni mbili za ampea 30, zidisha 60 kwa volti 14: unapata 840, na hizo ndizo zinazoingia. Zinazotoka ni pungufu. 5000 ni za kwenye boksi.

Mama_Sangara
Mwanangu, mimi nakaa chini ya kilima cha Bugando. Wagonjwa wako juu, nyie mnapita chini usiku saa sita mnapiga midundo. Kanuni za kelele zipo tangu 2015 na NEMC, wale wa mazingira, wapo, siku wakikukamata usije kulia humu. Mziki wa kwako usikie mwenyewe.

Kipara_Igoma
Mama shikamoo. Mleta uzi, mimi nilikuwa na Subaru Legacy yenye mziki wa McIntosh wa kiwandani, taa za bluu zinawaka kwenye redio, ukiingia usiku unajiona rubani. Kijana mmoja akanishawishi tubadilishe redio ili nipate bluetooth na stesheni zote, maana redio za Kijapani masafa yao yanaanzia 76 na yanaishia 90 huko, stesheni zetu nyingi ziko juu. Kumbe ningeweka kale kadude ka kushusha masafa ningemaliza. Ile gari nimeshaiuza, aliyenunua alinipiga bei vibaya akisema "McIntosh iko wapi?" Nikikumbuka zile taa...

Ngosha_Mpole
Shikamoo mama, ushauri wako nimeupokea. Fundi_Omu asante, ila Android ina mambo mengi, YouTube, ramani. Na huyu fundi ana uzoefu. Nafikiri itakuwa sawa tu.

Fundi_Omu
Hebu subiri. Umekuja kuomba ushauri au baraka? Redio iko kwenye gari sasa hivi au haipo?

Ngosha_Mpole
Ipo.

Fundi_Omu
Ipo wapi?

Ngosha_Mpole
Ipo kwenye kiti cha nyuma. Fundi alichomoa betri na kuitoa ili apime nafasi. Nikasita, nikamwambia airudishe. Alipoijaribu ikawaka na maandishi ya Kijapani, inadai kadi ya ramani na namba za siri, haiimbi. Ndiyo maana nikaona bora twende na Android tu, kuliko kuhangaika. Na nusu ya hela ya sabufa nimeshatoa.

Binti_Nyegezi
Kaka, samahani. Una gari la milioni kibao halafu kadi ya ramani hujui iko wapi? Ulinunua lini?

Ngosha_Mpole
Sikusema nimenunua. Ni la shemeji, kaka yake mke wangu. Yuko masomoni, aliniachia niwe naliwasha betri isife. Kwenye harusi naongoza msafara. Lakini wakuu tuwe wakweli, nikiweka mziki si nimemwongezea thamani ya gari? Atanishukuru.

Mkwaju
Atakushukuru mbele ya baba mkwe, kikao cha ukoo, wewe umekalia kigoda.

Mzee_wa_Kirumba
Siku hizi vijana. Zamani shemeji akikuachia hata baiskeli unaifuta vumbi tu, kengele yenyewe unaogopa kuigusa.

Mkwaju
Ila wakuu nimerudi kusoma mwanzo. "Kivuko pale Kigongo wiki iliyopita." Kivuko gani? Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025, kilomita 3 za lami juu ya maji, watu wanapita wanapiga picha. Wewe unavuka na Mark X ya kufikirika. Hii ni chai, na sukari hamna.

Binti_Nyegezi
Mimi nilishaanza kumhurumia jamani.

Ngosha_Mpole
Nilimaanisha Kamanga. Ulimi uliteleza.

Mkwaju
Kamanga unapandia mjini. Kigongo iko Misungwi huko. Ulimi umeteleza wilaya nzima?

Kipara_Igoma
Mimi bado napanda Kamanga nikienda Sengerema. Kuzunguka mpaka Usagara ndiyo ulikute daraja, mafuta nanunua mwenyewe.

Mzee_wa_Kirumba
Kamanga unasubiri. Darajani husubiri.

Kipara_Igoma
Mzee, kwenye kusubiri ndiko unakula sato wa kukaanga. Darajani utakula nini, upepo?

Fundi_Omu
Hata kama ni chai, kuna mtu mwingine atakutana na hilo la redio kujifunga, nimjibu yeye. Redio nyingi za Toyota za Kijapani zinafanya hivyo betri ikichomolewa. Kadi ya ramani mara nyingi inakaa kwenye tundu nyuma ya skrini, ichunguze kabla hujamlaumu fundi, ingawa huyu mpekue na mifuko. Kwenye skrini kuna namba ndefu imeandikwa ERC. Ipige picha, usiikariri, sifuri na O zinachanganya. Wanaofungua wanahitaji hiyo namba ndiyo watoe ya kufungulia. Usimruhusu mtu abahatishe namba. Redio irudi ilipokuwa, sabufa uache, nenda harusini na JBL yako. Ya shemeji, samahani.

Ngosha_Mpole
Kadi nimeipata. Ilikuwa kwenye boksi la vifaa vya fundi, anasema alikuwa anaitunza. Namba ya ERC nakutumia inboksi mkuu. Hela ya sabufa amegoma kurudisha, anasema nichukue sabufa lenyewe.

Mkwaju
Picha ya hiyo namba iweke hapa wote tuione.

Kipara_Igoma
Hilo sabufa kama hulitumii unaliachia kwa bei gani? Niko Igoma, nakuja leo.