Kilele cha risasi kinashuka kila nikirudia kipimo: filamu ya bismuthi na maji ya visima, Tanga

Kisima_Chumbageni
Habari zenu wakuu. Napima risasi (ile metali) na kadimiamu kwenye maji ya visima vya karibu na pwani hapa Tanga, pamoja na sampuli chache za mdomo wa mto Sigi penye mikoko. Njia yangu ni kulimbikiza metali kwa umeme kwenye filamu ya bismuthi usoni mwa elektrodi, kisha kuiyeyusha tena na kusoma mkondo: kila metali hutoa kilele chake kwenye grafu. Elektrodi (fimbo ya kupitishia umeme) ni kaboni ya kioo ya mm 3. Bismuthi naiweka humo humo kwenye kikombe, mikrogramu 400 kwa lita, bafa (mchanganyiko wa kushikilia pH) ya asetati 0.1 M yenye pH 4.5. Nalimbikiza kwa −1.2 V sekunde 120 huku nikikoroga, natulia sekunde 10, halafu napandisha volti (skani) kwa wimbi mraba la 25 Hz, ampitudi 25 mV, hatua 4 mV. Kwenye maji safi yaliyotiwa kiwango (metali ya kiasi kinachojulikana), kadimiamu inatoka karibu na −0.8 V na risasi karibu na −0.55 V, vizuri kabisa. Kwenye sampuli, kilele cha risasi kinashuka kila nikirudia, na mara ya tatu kinabaki nusu. Sampuli zilitiwa asidi ya nitriki mL 2 kwa lita siku ya kuchota. Tatizo ni nini?

mkoroga_bafa
Mkuu, kabla ya kubadili chochote, jua kwanza kama ubovu uko kwenye uso wa elektrodi au kwenye maji. Ukimaliza sampuli, suuza elektrodi bila kuing'arisha, iweke kwenye bafa safi yenye bismuthi na risasi mikrogramu 10 kwa lita, kisha pima. Kilele kikirudi chote, uso ni mzima na shida ni ya sampuli. Kikibaki chini, uso umeziba.

Angalia na pH, maana hiyo asidi si ndogo. mL 2 kwa lita ni takriban 0.03 M. Ukichukua sampuli mL 5 na bafa 0.2 M mL 5, asidi inaiteremsha pH hadi karibu 4.2, na ukiweka bafa hafifu zaidi itaanguka vibaya. pH ikishuka, kwa −1.2 V hidrojeni huanza kutoka na viputo hushika usoni. Ongeza mikrolita 150 za NaOH (soda kali) 1 M kwenye mL 5 hizo za sampuli kabla ya bafa, uhakikishe kwa kipima pH.

Kisima_Chumbageni
Ahsante. Kwenye bafa safi kilele kilirudi 60% tu. Nilipoing'arisha kwa alumina ya mikromita 0.3 kisha 0.05, kikarudi chote.

Mwanamikoko
Basi ni uchafu wa mimea iliyooza. Maji ya mikoko yana asidi za humusi: zinaganda usoni, na pia zinaishika risasi isilimbikizwe. Hapa wengi hukimbilia Nafion (plastiki ya kupaka usoni mwa elektrodi) peke yake, nami naona ni kosa. Nafion inalinda uso, lakini risasi iliyofungwa na humusi haiifungui. Vunja uchafu kwanza: sampuli yenye asidi mL 10, peroksidi ya hidrojeni 30% mikrolita 100, taa ya UV saa moja hadi mbili ndani ya bomba la kwatzi. Glasi ya kawaida huzuia mawimbi mafupi, taa itawaka bure. Endelea hadi peroksidi iishe, la sivyo msingi wa grafu utapanda.

Nafion iwe nyongeza: 5% iyeyushe kwa ethanoli hadi 0.5%, dondosha mikrolita 5 na uache ikauke kabisa. Kwa unyevunyevu wa pwani usiharakishe, ikiwa mbichi huchubuka wakati wa kukoroga. Ikizidi unene, vilele hupungua na kutanuka.

mkoroga_bafa
Nakubaliana naye. Ila shaba nayo isisahaulike, hasa visima vyenye pampu na viungo vya shaba nyeupe. Hupigania nafasi na bismuthi na kuipunguza risasi. Tia mikrogramu 20 za shaba kwa lita kwenye kiwango safi uone risasi inavyoshuka. Ikiwa ndiyo yenyewe, ongeza mikrolita 100 za ferosianidi ya potasiamu 10 mM kwenye mL 10, na iwe baada ya pH kukaa sawa. Zinki usiipime kwenye kikombe hicho, na mabaki usiyamwage kwenye chupa ya asidi.

Kwa visima vya chumvi, bismuthi huweza kuganda kama oksikloridi. Hapo tengeneza filamu pembeni: bismuthi mg 100 kwa lita kwenye bafa ya asetati, −1.0 V, sekunde 60, suuza, kisha hamia kwenye sampuli. Mwisho wa skani uwe −0.35 V. Ukiisafisha kwa +0.3 V kama ilivyozoeleka, filamu yote inaondoka.

Kisima_Chumbageni
Na mkunjo wa viwango (grafu ya kugeuza kilele kuwa kiasi cha risasi) nilioutengeneza kwa maji safi, naweza kuutumia?

Mwanamikoko
Hapana ndugu, ongeza kiwango ndani ya sampuli ile ile. Mfano: kilele ni 0.80 µA. Ukitia mikrolita 10 za risasi mg 10 kwa lita kwenye mL 10, umeongeza mikrogramu 10 kwa lita. Kikipanda hadi 2.00 µA, mteremko ni 0.12 µA kwa kila mikrogramu kwa lita, kwa hiyo kikombe kina mikrogramu 6.7 kwa lita. Sampuli ilichanganywa nusu kwa nusu, zidisha kwa mbili: 13.3, juu ya kikomo cha WHO cha 10. Ongeza mara tatu, si mara moja, ili uone kama mstari umenyooka. Ukianza kujikunja, punguza muda wa kulimbikiza hadi sekunde 60.