Ushauri: Uani kwetu palikuwa pakipasuliwa betri chakavu

Muulizaji (Dar es Salaam):
Habari za leo, wanajamvi. Mwezi uliopita tulihamia nyumba ya kupanga, na juzi jirani akanieleza kwamba uani kwetu palikuwa pakipasuliwa betri chakavu za magari ili kutoa madini ya risasi. Nilipochimbua kando ya ukuta nilikuta vipande vya magamba meusi ya betri kwenye udongo wa kijivu. Mwanangu wa miaka miwili hucheza papo hapo, na vidole haviishi kinywani. Nimepanda pia matuta mawili ya mchicha. Nianze na kupima udongo au nihame kabisa?

Mchangiaji wa kwanza:
Pole sana, ndugu. Anza na damu ya mtoto, hata kama anaonekana mzima, kwa kuwa risasi huathiri ubongo bila homa wala dalili ya wazi. Shirika la Afya Duniani linataka chanzo kitafutwe na kuondolewa mara kipimo kinapofika mikrogramu 5 kwa desilita, na halitambui kiwango chochote kilicho salama. Omba damu itolewe kwenye mshipa, maana tone la kidoleni huweza kuchanganyika na vumbi la ngozi na kukupa jibu la uongo. Udongo upeleke baadaye kwa Mkemia Mkuu wa Serikali.

Mchangiaji wa pili (Mombasa):
Usidanganyike kwamba kazi ilikoma zamani. Hapa kwetu Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kilifungwa mwaka 2014, lakini risasi haiozi, ikabaki ardhini. Phyllis Omido, aliyewahi kuajiriwa humo na ambaye mwanawe mwenyewe aliathirika, aliongoza kesi ambayo mwaka 2020 iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, na ikabidi wasubiri hadi Desemba 2024 ndipo Mahakama ya Juu ikairejesha hukumu hiyo baada ya kutenguliwa katika rufaa.

Mchangiaji wa tatu:
Mchicha ung'oe, kwani majani hushika vumbi na mizizi hufyonza risasi. Usifagie pakavu: nyunyiza maji uani, na ndani piga deki kwa kitambaa kibichi. Viatu viishie mlangoni. Mwombe mwenye nyumba afunike eneo hilo kwa zege, au kwa udongo safi wenye nyasi. Mtoto anawe kabla ya kila mlo na asikae na njaa, huku akipata dagaa na maharage, kwa sababu mwili wenye upungufu wa madini ya chuma na kalisi hufyonza risasi zaidi. Mama akiwa mjamzito, asile udongo wowote, hata ule wa dukani.

Muulizaji:
Nawashukuru. Damu itachukuliwa Jumatatu. Nilisahau kusema kwamba tuna kuku watano wanaopekua palepale ukutani, na mtoto hula yai kila asubuhi.

Mchangiaji wa kwanza:
Mayai hayo acheni kuyala tangu leo. Risasi iliyo kwenye udongo wanaodonoa huingia hadi kwenye kiini.