Delaware au Rhode Island: mdogo wangu ahamie wapi?

Mwana_Tanga:
Wakuu, habari za humu. Mdogo wangu yuko Texas na mke na watoto wawili. Amepata kazi ya ghala upande wa Wilmington, Delaware, lakini shemeji yetu aliyeko Providence anamvutia kwake Rhode Island. Wenye kuyajua majimbo haya naomba mnieleze, sitaki kumshauri mambo ya kusikia.

Bint_Saidi:
Nina miaka sita Delaware. Kubwa ni kwamba hakuna kodi ya mauzo. Juzi nimenunua friji, karatasi imeandikwa dola 649, nikatoa 649, tukapakia. Jimbo linavuna kwa makampuni: yaliyosajiliwa yamepita milioni mbili, na sisi wakazi ni kama milioni moja tu. Pale North Orange Street, Wilmington, kuna jengo la chini kabisa, halina ghorofa, unalipita bila kugeuza shingo. Hilo ndilo anwani ya makampuni malaki! Wenye makampuni wanafuata sheria za huku na Mahakama ya Chancery, ile ya kesi za makampuni, iliyoanza 1792, ambako jaji anaamua mwenyewe bila jopo la raia.

Kaka_Pemba:
Nitetee Rhode Island. Ndilo jimbo dogo kuliko yote. Nchi kavu yake ni kama kilomita za mraba 2,700, Unguja na Pemba ukiziunganisha zinakaribia hapo. Ghuba ya Narragansett imelikata katikati, kwa hiyo bahari haiko mbali popote ulipo. Viwanda vya nguo vilivyolikuza, kuanzia Pawtucket mwaka 1793, vimekwisha. Sasa watu wanategemea hospitali, vyuo na wanamaji wa Newport. Kodi ya mauzo ni 7%, ila chakula cha kwenda kupika na nguo nyingi hazitozwi. Kilichonipendeza zaidi ni utawala: kaunti tano ziko kwenye ramani tu, hazina serikali. Shule, barabara za mtaa, taka, unamalizana na mji wako. Miji yote iko 39. Nilisimama mkutanoni nikalalamikia taa za barabarani, nikasikilizwa.

Dereva_JJ:
Delaware msiitaje kama Wilmington tu. Kaunti ni tatu, na Sussex ya kusini ni dunia nyingine. Tambarare tupu, mabanda marefu ya kuku yenye feni kubwa kwenye ncha. Ukiwa nyuma ya lori la matenga asubuhi, manyoya meupe yanakuja mpaka kwenye kioo. Kazi za kuchinja zipo, lakini ngumu, na bila gari umekwama. Kaskazini kuna treni ya Philadelphia.

Mwana_Tanga:
Asanteni sana. Ghala lenyewe liko nje ya jiji, amenithibitishia sasa hivi.

Bint_Saidi:
Basi na nyumba atafute nje ya jiji. Wilmington inakata 1.25% ya mshahara kwa anayeishi au kufanya kazi ndani ya mipaka yake. Aangalie Newark ya huku Delaware, ila kabla ya kusaini mkataba aulizie shule ya watoto.