Mjadala: Uwanja wa ndege wa Nachingwea ufundishie marubani, ndiyo au hapana?

Wana Kusini, salaam. Juzi kijiweni Mtwara tumebishana mpaka kahawa ikapoa. Mpango wa Waingereza wa kulima karanga huku kwetu ulianza 1947, ukafa 1951, uwanja wa ndege waliouacha Nachingwea ukabaki. Mimi nasema ufundishie vijana urubani. Wenzangu wakaruka: "Ndege za mafunzo zinaanguka zikipaa, mnatuletea misiba!"

Nawajibu. Ndege kama Cessna 172 ina injini moja. Ikizimika mita mia juu ya ardhi, kurudi uwanjani ndiko kunakoua: rubani anakata kona kali, kasi imekwisha, bawa linaacha kubeba, ndege inadondoka kama dafu. Mwanafunzi anafundishwa kutua mbele yake, popote palipo wazi. Kwa hiyo swali ni nini kiko mbele ya uwanja. Uwanja wa Mtwara haufai, una ndege za abiria. Mwanafunzi akikwama kwenye njia ya kurukia, safari ya Dar inasubiri. Nachingwea tunaweza kuacha ardhi wazi mapema.

Mama Korosho, Masasi: Palipo wazi ni kwa nani, baba? Mkorosho naulea miaka mitatu, minne ndipo unaanza kunilipa. Mnataka kuukata ili mtoto wa mtu ajifunzie kuanguka? Na usiokatwa, matawi yake yako chini na yametanda, hiyo ndege itachanika vipande.

Fundi Spana: Injini mnaisema sana. Mwanafunzi anaharibu akiwa bado chini! Akisukuma mafuta yote, propela inavuta pua kushoto. Asipokanyaga pedali ya kulia yuko majanini. Mwingine ana haraka, anavuta usukani kabla ya kasi kutosha, ndege inanyanyuka kidogo halafu inakaa chini kwa kishindo. Injini nayo mara nyingine ni uzembe tu: maji kwenye petroli. Kabla ya kuruka unachota kidogo chini ya tanki, unaangalia kwenye glasi. Dakika mbili! Na mchana wa jua kali hewa inakuwa nyepesi, ndege inataka mbio ndefu zaidi. Wafundishwe saa 12 hadi saa 3 asubuhi, wakalale.

Mjukuu wa Ruvuma: Haya, akiumia? Hospitali ya Rufaa ya Kanda iko Mtwara, mbali kabisa na Nachingwea. Mtamkimbiza hospitali ya misheni Ndanda, nako si jirani. Leseni ya rubani binafsi inataka saa zisizopungua 40 angani, na kila saa kuna kupaa na kutua. Hesabuni wenyewe mara ngapi.

Mwanzisha mada: Mjukuu, hapo umenikamata. Bila gari la zimamoto na la wagonjwa kusimama uwanjani kila ndege inapowashwa, nami napiga kura ya hapana. (Fundi, la saa 12 asubuhi nimelipenda, ila vijana wetu kuamka ndiyo kazi.) La mikorosho silikubali lote: mwenye shamba alipwe kabla ndege ya kwanza haijaja, siyo baada ya ajali, maana baada ya ajali kila mtu anamtafuta wakili. Mama, wewe ungetaka nini?

Mama Korosho, Masasi: Bei ya mti, au bei ya mti na korosho zake za miaka ishirini ijayo? Nijibu hilo kwanza.