Siku ya saba baada ya kupandikizwa meno mataya yote mawili: maumivu yamerudi, naomba ushauri

Mwalimu wa Chumbageni
Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Mimi ni mama wa miaka 61, mwalimu mstaafu, ninaishi hapa Tanga mjini. Meno yangu yaliniisha kidogo kidogo kwa ugonjwa wa fizi, nikavaa meno ya bandia ya kuvua na kuvaa kwa miaka tisa, na ya chini hayakuwahi kutulia hata siku moja; nikitafuna muhogo yalipanda pamoja na muhogo. Wanangu wakachangishana, na wiki iliyopita nilifanyiwa upasuaji Dar es Salaam, nikawekewa vipandikizi, yaani skrubu ndogo za titani zinazoingizwa katika mfupa ili zishike meno, vinne taya la juu na vinne la chini.

Siku ya pili na ya tatu uso ulivimba hata jicho la kushoto likabaki nusu wazi, lakini daktari alikwisha kunieleza kwamba uvimbe hufikia kilele siku hizo, kwa hiyo sikutishika. Siku ya nne nilipata nafuu, nikapanda basi kurudi nyumbani. Tangu jana maumivu yamerudi chini kushoto, yanapwita, na usingizi sipati. Nyuzi nitatolewa wiki ijayo. Je, nivumilie hadi siku hiyo?

Mzee wa Raskazoni
Pole sana, mwalimu. Mimi niliwekewa taya la juu peke yake, na nakiri kwamba wiki ya kwanza nilijuta. Kilichonisaidia ni kulalia mito miwili ili kichwa kiinuke, barafu iliyofungwa katika kitambaa kwa siku mbili za mwanzo, na kutokunywa kitu chochote kwa mrija, kwa sababu kule kufyonza huweza kung'oa damu iliyoganda juu ya kidonda. Nilikula uji uliopoa, mtindi, parachichi na supu ya samaki iliyochujwa. Sigara niliiacha, na tambuu pia, jambo ambalo mke wangu alikuwa ameliomba kwa miaka ishirini. Vumilia, yatapita.

Binti Pangani
Shikamoo mwalimu. Bibi yangu akiumwa jino huchovya pamba katika mafuta ya karafuu na kuibana pale panapouma. Jaribu, huenda ukalala.

Msaidizi wa Kinywa na Meno
Shikamoo mama. Ninafanya kazi katika kitengo cha meno, ingawa mimi si daktari wako. Naomba usiweke karafuu. Mafuta hayo huunguza nyama mbichi, na kidonda cha upasuaji si jino bovu. Kwa Mzee wa Raskazoni, ushauri wa chakula ni mzuri, lakini hilo la kuvumilia silikubali. Maumivu ya upasuaji huu, hata yawe makali, hupungua siku hadi siku. Yaliyokwisha kupungua kisha yakarudi hayangojei siku ya kutoa nyuzi. Nijibu haya: una homa, au ladha mbaya mdomoni? Mdomo wa chini au kidevu kina ganzi mpaka leo? Una kisukari, presha au vidonda vya tumbo, na dawa gani unameza? Na tafadhali usinifiche: kuna kitu ulichovaa au ulichotafuna baada ya kurudi nyumbani?

Mwalimu wa Chumbageni
Marahaba mwanangu. Homa sina, ganzi iliisha siku ile ile, kisukari sina. Presha ninayo na dawa zake ninameza. Kwa maumivu natumia parasetamo, na jana nilianza kuongeza ibuprofeni niliyonunua dukani. Sasa hilo la mwisho. Juzi kulikuwa na harusi ya mtoto wa dada yangu Ngamiani, na mimi ndiye niliyemlea bi harusi. Sikuweza kukaa mbele ya watu na mdomo wa kibogoyo, nikavaa meno yangu ya zamani kuanzia alasiri hadi usiku wa manane.

Msaidizi wa Kinywa na Meno
Ahsante kwa kusema, mama. Meno yale yalichongwa kwa umbo la ufizi wa zamani, na sasa ufizi umevimba na una nyuzi, kwa hiyo yamekuwa yakikandamiza vidonda kwa saa nyingi. Kipandikizi cha titani huhitaji miezi mitatu hadi sita ya utulivu ili mfupa ukishike. Kikitikiswa mapema, mfupa huweza kukikataa. Usiyavae tena mpaka daktari ayapunguze na kuyawekea utando laini ndani. Ibuprofeni iache, kwa kuwa inaweza kupandisha presha na kudhoofisha dawa zake. Sukutua taratibu kwa maji vuguvugu ya chumvi baada ya kila mlo, usiteme kwa nguvu. Mpigie aliyekupasua sasa hivi, na leo hii nenda kitengo cha meno pale hospitali ya Bombo uangaliwe. Safari ya Dar iamuliwe baada ya hapo.

Mwalimu wa Chumbageni
Naleta mrejesho. Nilikwenda. Nyuzi mbili zilikuwa zimekatika na ufizi umeachana kidogo, usaha haukuwepo. Walinisafisha, wakazungumza kwa simu na daktari wangu, naye ametaka anione mwenyewe keshokutwa. Jana usiku nililala saa tano mfululizo. Meno ya zamani ameyachukua binti yangu, na hataki kuniambia ameyaficha wapi.